Mishale Kumi na Miwili Kutoka Kirinyaga Road Hadi Karen

Tangu Jumapili kila anayenikuta kanisani, dukani au kwenye ngazi za karakana ananiuliza kama ni kweli nilikamatwa Karen nikiwinda wanyama wa watu. Sikukamatwa, na sikuwa nikiwinda. Nilikalishwa kwenye nyasi kando ya barabara karibu saa nzima, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimevaa sketi ninayoendea kanisani, nikilindwa kama mwizi wa kuku. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu hiki na yule kile, kwa hivyo naandika yote mara moja.

Wengi mnanijua, lakini karatasi hii itapita mikononi mwa wasionijua pia. Kazi yangu ni kunoa. Nina chumba kimoja ghorofa ya kwanza Kirinyaga Road, juu ya duka la vipuri, na wateja wangu ni wauza nyama, mafundi cherehani na vinyozi. Marehemu baba yangu alikuwa mchonga mishale kule Kitui, na katika watoto wake wote ni mimi niliyependa kuketi kando yake nikiutazama mkono wake. Mjini ujuzi ule haukuwa na kazi yoyote, mpaka Daktari Waweru alipoleta kisu cha jikoni cha mke wake kinolewe, akaona mishale miwili ya baba ukutani.

Daktari Waweru hupasua mifupa. Kliniki yake iko Upper Hill na nyumba yake iko Karen. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku zamani, tangu nikiwa msichana, kwa hivyo yeye hupanda ndege kila mwaka kwenda Namibia, kwenye mashamba ya wanyama ambako sheria inamruhusu mtu kuwinda kwa upinde. Mwaka jana nilimtengenezea mishale sita akaenda nayo kumpiga tandala. Mwaka huu alitaka kumi na miwili, na safari hii alimtaka pofu, yule swala mkubwa anayelingana na fahali.

Watu hudhani mshale ni fimbo yenye ncha. Mshale ukiachiwa hupinda, hujinyoosha, hupinda tena, kama samaki anavyoogelea, na mti wake ukiwa laini mno au mgumu mno kwa upinde ule, hauendi mahali unapotazama. Ukiongeza uzito mbele, mti unapinda zaidi. Ukiukata ukawa mfupi, unakuwa mgumu. Nilikata na kupima, nikakata na kupima, kwa mizani niliyoazima kwa sonara wa mtaa wa pili, hadi yote kumi na miwili ikalingana. Mbele nikaweka vyembe nilivyovikereza mwenyewe, yaani kile chuma kinachokata: vipana, vizito, vya makali mawili, visivyo na kitu cha kulegea. Nilivinoa hadi vikanyoa vinyweleo vya mkono wangu bila kukwaruza ngozi. Mnyama mkubwa ana ngozi nene na mbavu pana. Chembe chepesi kitamjeruhi tu, naye atakwenda na lile jeraha vichakani siku tatu au nne hadi afe peke yake. Baba aliita hiyo aibu, na mimi sijapata jina lingine.

Daktari alikuwa asafiri Jumamosi mchana. Ijumaa saa mbili asubuhi dereva wake alikuwa aje kuchukua mzigo. Siku hiyo magari yote ya abiria yalikuwa yamegoma.

Kirinyaga Road hadi Upper Hill

Dereva hakuja saa mbili, wala saa tatu. Saa nne nikampigia daktari.

"Mama Syombua, niletee tu Upper Hill," akasema. "Si mbali."

Si mbali ni neno la mtu mwenye gari. Lakini nilijua anaondoka kesho, na kazi yangu sipendi ikae nusu. Nikafunga duka.

Mishale nilikuwa nimeipanga ndani ya bomba la plastiki la maji, kila chembe kimevikwa sifongo chake, na mdomo wa bomba nikauziba kwa leso. Nikalibeba begani. Sikujua kwamba mtu akibeba bomba katikati ya jiji huwa ni fundi bomba wa kila mtu. Kabla sijafika Haile Selassie Avenue, askari wawili wa jiji waliovaa makoti marefu, wale wanaokamata wachuuzi, walinisimamisha.

"Unauza nini, mathe?"

"Siuzi kitu."

"Mtu hawezi kutembea na mzigo bure."

Nikawaambia hata wao wametembea na makoti na hawayauzi. Mmoja akacheka, mwenzake akakasirika, akanishika pale dakika kumi na tano akiliangalia bomba kutoka kila upande bila kulifungua. Mwishowe akachoka. Nilipovuka Uhuru Highway, bibi mmoja mwenye mwavuli akanivuta mkono.

"Mum, samahani. Sinki yetu imeziba wiki mbili. Ni hapa tu karibu."

"Mimi si fundi bomba, mama."

"Na hii?"

"Ni kitu kingine."

Akanitazama kwa masikitiko ya kweli, kana kwamba nimekataa kazi ya Mungu. Nikaupanda mlima ule wa Upper Hill nikiwa na hasira na bibi ambaye hakunikosea chochote.

Upper Hill

Pale kliniki askari wa mlangoni aliniuliza nina nini kwenye bomba. Nilimwambia ukweli, na hilo ndilo kosa langu la kwanza la siku.

"Ni mishale. Ya Daktari Waweru."

Alisikia neno mshale na neno daktari, yaliyobaki akajazia mwenyewe. Akafungua mlango wa pembeni, akanishika kiwiko, akanipeleka mbio hadi kwa msichana wa mapokezi.

"Huyu ni wa mshale," akamwambia.

"Pole sana, mum. Umeingia wapi?"

"Nimeingia kwa mlango."

"Mshale, mum. Umeingia wapi?"

"Haujaingia mahali. Iko kumi na miwili, yote iko ndani ya bomba."

Akaandika. Niliona kwa macho yangu akiandika kitu kirefu. Nikaketishwa kwenye kiti cha magurudumu ingawa miguu yangu ilikuwa imenileta kutoka Kirinyaga Road. Muuguzi akaja akanifunga kile kitambaa cha kupima shinikizo la damu, akasema imepanda. Nikamwambia itazidi kupanda. Akaniuliza kama naumwa nikivuta pumzi. Kila niliposema nimeleta mzigo tu, walinijibu kwa sauti ya upole, ile wanayoitumia kwa mtu aliyechanganyikiwa. Kando yangu mzee mmoja mwenye mguu wa plasta aliinama akaniuliza, "Ni bwana yako?" Nikamwambia mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. "Basi ni watoto," akasema, akatikisa kichwa.

Ilipita saa moja na nusu kabla ya muuguzi mkubwa kufika, akasikiliza hadi mwisho, akalichungulia bomba na kucheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nikauliza daktari yuko wapi.

"Ameenda nyumbani kupanga mizigo. Alitoka kitu saa tano."

Yaani aliniambia nije, kisha akaondoka huku mimi nikiwa njiani. Nikampigia, simu imezimwa.

"Acha hapa tu, mum," akasema yule msichana wa mapokezi. "Hata kuna kitu yako. Rafiki yake aliacha kabla hujafika, akasema tukikuona tukupatie."

Akanipa kiboksi kidogo na karatasi iliyokunjwa. Karatasi ilisema: Mama, tafadhali ondoa zile zako ufunge hizi. Chini yake kulikuwa na jina la rafiki, wakili Obura, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja.

Ndani ya kiboksi mlikuwa na vyembe kumi na viwili vya ng'ambo, vile vya visu vinavyojikunja kando ya ncha kama mabawa ya panzi, halafu vikigonga mnyama vinatakiwa kufunguka. Nikakiweka kimoja kiganjani. Kilikuwa chepesi, hakifiki nusu ya uzito wa changu. Nikapitisha makali yake juu ya ukucha wangu, yakateleza. Chembe kikali huuma ukucha, hakitelezi. Kile kisingemnolea mtoto wa shule penseli.

Mtu hajui uzito wa mti niliokata, hajui nilichoweka mbele, hajawahi kupanda ngazi zangu, na ananiandikia nibadilishe. Msichana akanyoosha mikono alipokee bomba. Nikasema hapana, nitampelekea mwenyewe.

"Karen? Na mgomo?"

"Karen," nikasema.

Ngong Road

Sikukusudia kutembea yote. Nilifikiri nitapata mtu njiani, na kila gari lililopita lilikuwa na kiti kitupu na dirisha lililofungwa. Ngong Road ilijaa watu kama mimi, karani, mama na mwanafunzi, viatu mkononi. Nilikuwa nabishana na wakili Obura kichwani, na nilikuwa nashinda.

Adams Arcade nilifika magoti yakiwa yamekataa. Nyuma ya maduka pana kibanda cha mabati cha mama mmoja wa kutoka Bungoma anayeitwa Mama Nekesa. Nilimwagiza chapati mbili na maharagwe. Akaniletea tatu.

"Sijaagiza tatu."

"Sura yako imeagiza tatu," akasema, akaketi mbele yangu kwa sababu watu walikuwa wachache. Akauliza kuhusu bomba. Nikamtolea mshale mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mtu hakushtuka wala hakuniomba nizibue kitu. Aliupima kwa vidole viwili katikati, ukainama upande wa chuma.

"Iko uzito mbele."

"Ndiyo inavyotakiwa. Mbele ikivuta, nyuma inafuata."

Nikamwonyesha kiboksi. Akakishika kimoja cha vile vya kujikunja, akafungua visu vyake kwa kucha, vikajifunga tena. "Hii ni kama ile mwavuli ya duka," akasema. "Siku ya mvua ndiyo inakataa kufunguka."

Sijui mbona maneno hayo yalinifariji vile. Nilikula zote tatu.

Mvua nayo ikaanza. Manyoya ya nyuma ya mishale yangu ni ya bata mzinga, nimeyagundisha kwa mkono, na yakilowa hulala, mshale ukayumba. Nilikuwa nimesimama chini ya mabati nikilifunika bomba kwa koti langu, mgongo ukinilowa, wakati pikapu iliyobeba nyasi kavu iliposimama na dereva akaja kununua chai. Mama Nekesa akamwita kwa jina. "Wafula, unaenda Karen? Beba huyu mama."

"Naenda, napeleka nyasi ya farasi," Wafula akasema. Kisha akaona haya. "Lakini mbele iko na mbwa ya mkubwa."

Nikaenda kutazama. Kweli, kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi mbwa mrefu wa rangi ya asali, ametandikiwa taulo. Anatoka kuogeshwa. Wafula alisema mbwa yule akipanda nyuma atachafuka, na yeye atafutwa kazi. Sikutaka mtu afutwe kazi. Nikapanda nyuma juu ya nyasi, nikafunikwa turubai, nikalikumbatia bomba langu, nikasafiri hivyo kutoka Adams Arcade hadi Karen. Kupitia tundu la turubai nilimwona mbwa amefunguliwa dirisha kidogo apate hewa. Nimemsamehe Wafula. Mbwa pia nimemsamehe. Aliyetandika taulo bado namfikiria.

Karen, kwenye nyasi

Wafula alinishusha kwenye njia panda baada ya maduka, mvua ikiwa imekatika. Kutoka hapo ilikuwa mwendo wa nusu saa kwenye barabara yenye ua wa miti pande zote mbili. Nyasi zilikuwa zimenishika nywele na sketi. Naelewa nilivyoonekana. Siombi mtu anifungulie lango bila kuuliza. Naomba tu niulizwe halafu nisikilizwe.

Gari moja kubwa lilinipita, likasimama, likarudi nyuma. Ndani alikuwa mama wa rika langu, ana miwani ya jua ingawa jua halikuwepo. Akaniuliza nimebeba nini. Nilikuwa nimejifunza kule Upper Hill, nikajibu, "Mzigo wa Daktari Waweru." Upepo ukainua leso, manyoya yakaonekana.

"Hiyo ni mishale," akasema.

"Ndiyo."

Akapiga simu akiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, macho hayaniachi. Baada ya dakika tano wakaja askari wawili wa ulinzi wa mtaa kwa baiskeli. Yule mama akashusha dirisha inchi mbili akawaambia digidigi wa kwenye shamba lake wamekuwa wakipotea mmoja mmoja, na sasa tumejua. Akaondoka. Hakusubiri kusikia kama tumejua kweli.

Nikaambiwa niketi. Nikaketi kwenye nyasi zilizolowa. Nikataja tena jina la daktari, mmoja akaenda kuuliza langoni kwake, na aliyebaki aliitwa Mutiso, mtu mzima mwenye mvi. Nilipolisikia jina nikamsalimia kwa Kikamba. Akaniitikia, lakini hakusogea.

"Mama, nimeambiwa nikushike," akasema. "Sijaambiwa nikuamini."

"Basi piga simu kwa daktari."

"Namba sina. Nimemtuma mwenzangu aulize langoni."

Tukangoja. Baadaye akaomba kuona mshale. Nikampa, upande wa manyoya kwanza kama ulivyo ustaarabu. Akaushika chembe chini, akausimamisha kwenye kiganja, akauzungusha kwa vidole vya mkono mwingine, jicho liko kwenye ncha. Hapo ndipo fundi hujulikana. Chembe kikiwa kimepinda hata unene wa uzi, ncha hucheza. Ulizunguka umetulia kama msumari.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi."

Akauzungusha tena. "Babu yangu hakuwa na hiki chuma," akasema, "lakini alikuwa anazungusha hivi hivi." Akavua koti lake la mvua, akanitandikia niketi juu yake. Bado sikuwa huru kuondoka. Lakini nilikuwa nimekauka upande mmoja, na mtu mmoja wa Karen alikuwa ameniona.

Mwenzake alirudi saa kumi kasoro. "Daktari anasema aletwe haraka, amechelewa."

Mimi, nimechelewa.

Bustanini kwa daktari

Daktari Waweru alikuwa verandani amevaa kaptula, masanduku yamepangwa. Kando yake alikuwa wakili Obura, ambaye naye angesafiri kesho. Daktari akasimama. "Mama Syombua, pole na safari. Umefunga zile mpya?"

Nikaomba maji kwanza. Nikanywa bilauri mbili. Kisha nikauliza dereva alikuwa wapi.

"Alipeleka watoto shule, halafu..."

"Sikufunga," nikasema, nikaweka kiboksi mezani. "Pofu ana mfupa wa bega kama jembe. Hivi vitafunguka kwenye ngozi, nguvu yote itaishia hapo."

"Mama, kila mtu anatumia hizo siku hizi," wakili akasema. "Zinaruka vizuri. Zile zako pana zinashika upepo, lazima uhangaike na shabaha wiki nzima."

Hapo alikuwa na haki kidogo na nilimwambia. Chembe kipana hushika upepo, na mshale usiopatanishwa na upinde wake utakwenda kando. Ndiyo maana kuna kazi ya kuupatanisha. "Zinaruka vizuri," nikasema. "Lakini mnyama hafi kwa sababu mshale umeruka vizuri. Lazima uingie."

Wakili akacheka. "Na zile zako za mwaka jana ziliingia? Si tulimfuata yule tandala siku mbili, tukaacha damu ikipotelea kwenye mawe."

Daktari alimtazama rafiki yake, kisha akatazama sakafu.

Daktari aliniambia mwaka jana kwamba tandala alianguka kabla ya hatua hamsini. Na mimi niliwaambia ninyi. Wengine wenu mlinisikia nikilisema hilo baada ya ibada, nikijisifu, nikisema mkono wa baba haujafa. Niliketi kwenye ngazi ya veranda.

"Ulimpiga wapi?" nikauliza.

"Tumboni," daktari akasema polepole.

"Kwa umbali gani?"

"Hatua hamsini. Labda sitini."

Nilikuwa nimemwambia asizidi ishirini na tano.

Nikasema lete upinde. Ule upinde wake wa kisasa wenye magurudumu madogo kwenye ncha mbili. Nikaning'iniza gazeti kwenye kamba ya nguo, nyuma yake gunia la matambara lililokuwa gereji, nikamsimamisha hatua sita. Mshale uliopatana na upinde na mkono hupita kwenye gazeti ukaacha tundu dogo safi na mikato ya manyoya. Usiopatana hupita ubavu, ukachana. Daktari akapiga. Mchano wa urefu wa kidole cha kati, mkia umekwenda kushoto. Akapiga mwingine, vivyo hivyo. Wa tatu, mrefu zaidi.

Hapo ilinibidi niseme langu pia. Upinde ule aliutuma karakana kwa mkono wa dereva, akasema hana nafasi ya kuja. Aliyeuvuta nikipima ni Kamau, fundi wa chumba cha jirani. Nilijua haitoshi. Kila mtu anashika kwa namna yake, anaachia kwa namna yake, na mshale husikia yote hayo. Nilipaswa kukataa, na nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuitwa na daktari wa Upper Hill. Nililisema hilo mbele yao wote wawili.

Jikoni kulikuwa na mfupa wa bega la ng'ombe, uliowekewa mbwa. Nikaufunga mbele ya gunia. Daktari akafunga chembe kimoja cha kiboksi kwenye mshale, akapiga akiwa hatua ishirini. Kikagonga mfupa, kikateleza, kisu kimoja kikakatika na kuanguka majanini. Mfupa ulibaki na mkwaruzo. Kisha akapiga kwa changu. Mfupa ulipasuka, chembe kikajizika ndani ya gunia, makali bado yakinyoa. Lakini kilipiga upana wa kiganja na nusu kando ya alama aliyolenga. Kwa mnyama aliye hai, hapo si moyo tena wala mapafu.

Nikaokota kile kisu kilichokatika nikamwekea kiganjani.

"Daktari, ungempasua mtu kwa hiki?"

Akakigeuza kwa kidole.

"Na mkono ukikupotea kiganja kizima, ungeingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi?"

"Mama," wakili akasema, "huyu ni mnyama, si mgonjwa."

"Mgonjwa angemshtaki," nikamwambia. "Ndiyo tofauti."

Nikatoa mishale yote, nikaketi, nikaanza kufungua vyembe vyangu kimoja kimoja. Vinafungwa kwa kuzungushwa, vinatoka kwa kuzungushwa. Vilikuwa kumi na viwili na sikuharakisha. Nikavifunga kwenye leso. Miti ya mishale ilikuwa yake, nikaipanga mezani mbele yake, butu.

"Sasa huko atapiga na nini?" wakili akauliza.

"Apige picha," nikasema, nikasimama.

Daktari akasema dereva atanirudisha. Nikakataa, na kufika langoni nilikuwa nimeshajuta, lakini sikurudi.

Kurudi

Hakuna mengi ya kusimulia. Mutiso alinisindikiza hadi njia panda akisukuma baiskeli, tukazungumza mambo ya nyumbani. Mgomo ulikuwa umelegea, na nilifika nyumbani Kawangware kukiwa bado na mwanga. Nikaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na nikalia kidogo kwa ajili ya yule tandala. Yule mnyama sijawahi kumwona, lakini nilikuwa nimejitapia kifo chake mwaka mzima.

Jumamosi nilifungua duka kama kawaida. Saa tatu hivi nikasikia viatu kwenye ngazi. Alikuwa Daktari Waweru, peke yake, upinde begani, ile miti kumi na miwili chini ya kwapa.

"Ndege yako?" nikauliza.

"Obura ataenda. Mimi nimeahirisha."

Sikumkaribisha kwa furaha, msidhani. Nilikuwa na visu sita vya mwuza nyama na mikasi ya kinyozi, na hao walifika kabla yake. Nikamwonyesha stuli. Akaketi kati ya yule mwuza nyama na yule kinyozi, upinde magotini, akasubiri zamu yake, na hakutazama saa.

Nilipomaliza, nikaning'iniza gazeti mwisho wa korido na gunia nyuma yake. Kamau akasimama mlangoni kuzuia watu. Tulianza na mti mmoja. Nikaukata kidogo, akapiga. Nikasogeza mahali mshale unapokalia kwenye upinde, akapiga. Nikamwambia alegeze vidole vya mkono wa kushoto, anakamata upinde kama mtu anayeogopa kuibiwa. Akalegeza, akapiga. Mchano ukafupika, ukafupika tena. Jasho lilikuwa linamtoka, na shati lake zuri limeshika vumbi la mawe ya kunolea.

Saa saba gazeti likatoboka tundu safi, na mikato mitatu ya manyoya kuzunguka. Akashusha upinde, akageuka akinitazama kwa uso uliowaka.

"Nimepata," akasema.

"Umepata moja," nikamwambia. "Rudia."